Koili ya msumarini ina mwenyewe

Saa nne asubuhi Mama Koili anapiga miayo, anachomeka plagi ya jiko la mteja na kukazia macho mita iliyobana waya wake. Mita inasoma ampia kumi na moja, umeme mwingi mno kwa jiko hili. Anaguna.

"Hili limekatwa koili."

Mteja, dereva aliyevaa ndala, anaapa kwamba jiko lake ni zima, tena linachemsha kuliko lilipokuwa jipya. Kilichomleta ni waya tu, unanuka.

"Baba, ndiyo maana unanuka," Mama Koili anajibu, na kuanza kufungua skrubu kwa uvivu wa mtu aliyeshasema maneno hayo mara nyingi mno.

Kibanda chake ni kidogo, meza imejaa madoa ya moto. Hapa, tangu mumewe afariki, anatengeneza koili, ule waya uliosokotwa unaowaka mwekundu ndani ya majiko na oveni. Zamani majiko kumi yalipita mezani kwa siku. Siku hizi akipata matatu anashukuru.

Wateja wamehamia kwa mafundi wa haraka. Koili ikikatika, wao hukata ncha zilizoungua, wakaunganisha, basi. Jiko linawaka kuliko jana! Mteja anafurahi, fundi anasifiwa, na Mama Koili, anayerudishia koili urefu wake, anaambiwa kazi yake imepooza.

"Hapo ndipo watu wanapodanganyika," anasema. "Koili kazi yake ni kuuzuia umeme. Huo ndio ukinzani. Ukiifupisha, kizuizi kinapungua, umeme unapita mwingi, waya unapata moto. Watu wanaona joto la jiko, waya wa ukutani hawauoni."

Anachukua chaki na kuandika mezani. Volti gawanya kwa ampia, unapata ukinzani, yaani omu. Volti mara ampia, unapata nguvu, yaani wati. Oveni ilipokuwa nzima, kwenye volti 240, ilivuta ampia nane: omu 30, wati 1,920. Koili ikapungua theluthi: omu 20, ampia kumi na mbili, wati 2,880.

Anaifuta chaki kwa kiganja. Namba hizo hakuzitoa mbali. Ni za oveni ya mdogo wake wa kike.

Mdogo mtu anaoka mikate kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nyaya za ukutani ni nyembamba, zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio. Mwaka jana koili ilikatika wakati dada mtu, Mama Koili, yuko msibani, fundi wa haraka akaiunganisha, ikakatika tena, akaiunganisha tena. Mikate ikaanza kuiva upesi. Dada mtu aliporudi akapima, akashtuka, akamwomba abadilishe koili.

"Akaniambia nina wivu," anasema Mama Koili. "Mimi! Mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini wanasema sikio la kufa..." Methali hiyo hataki kuimalizia kwa mdogo wake.

Tangu siku hiyo wanasalimiana vizuri, ila oveni haitajwi. Juu ya meza, kwenye msumari, inaning'inia koili mpya ya omu thelathini kamili. Dereva anaiona, anaulizia.

"Hiyo ina mwenyewe."

Alasiri anafunga kibanda na kwenda kwa mdogo wake, kama afanyavyo kila Ijumaa. Miguu imevimba, njiani anasimama mara mbili kupumzika. Anamkuta mdogo mtu anakanda unga, oveni inawaka. Kabla hajakaa, anagusisha nyuma ya mkono wake ukutani, karibu na soketi.

"Dada, umekuja kunisalimia mimi au ukuta?"

"Wote. Wewe hujambo. Ukuta una homa."

Mdogo mtu anacheka bila kupenda, kisha anarudi kwenye unga. "Hiyo koili yako itanichelewesha. Nitaanza kuoka saa ngapi, nilale saa ngapi?"

"Itakuchelewesha, sikudanganyi. Lakini wanao wanalala nyuma ya ukuta huu." Sauti yake imekwisha nguvu. "Nimechoka, mdogo wangu. Kila king'ora cha zimamoto kikilia mjini, nakupigia wewe simu. Sijui hata moto uko wapi, nakupigia tu."

Mikono ya mdogo mtu inasimama ndani ya unga.

"Kumbe! Ndiyo maana unanipigia kuniuliza bei ya sukari?"

"Ningekuuliza nini? Kama uko hai?"

Hakuna anayecheka. Mdogo mtu anafuta mikono kwa kanga, anaenda ukutani, anaweka kiganja pale pale dada alipogusa. Anakiacha hapo muda. Halafu anazima swichi, mikate ikiwa bado nusu.

"Ile ya kwenye msumari, bado ipo?"

"Ipo."

"Nilidhani umeshaiuza."

"Nimuuzie nani?"

"Basi njoo nayo Jumapili. Jumapili sioki."

Mama Koili anasema atakuja asubuhi na mapema, na akipata nafasi ataanza pia kuvuta waya mnene kutoka kwenye mita ya nyumba, chumba kimoja kimoja. Halafu anavuta kiti, anakaa, anavua viatu.