Mashine Iliyooshwa kwa Ndimu

Mume wangu Ngadiran alikuwa mtu wa kuheshimu chuma. Hapa Jepara, mji wa wachonga mbao kisiwani Java, kila nyumba ina patasi, lakini zake alizilaza kwenye kitambaa kama watoto wachanga. Mfungo Nne, yaani Muharram, ukiingia, watu wakitoa majambia ya babu zao wayaoshe kwa ndimu na maji ya maua, naye alitoa patasi, tezo na misumeno, akaviosha vyote na kuvifukizia ubani. Hakuna aliyemcheka. Ndivyo tulivyolelewa.

Mwaka ule tulikuwa tumepata mashine ya randa, kuukuu, ya chuma kizito, ile ambayo ubao unaingia huku unatokea kule una unene mmoja. Kelele zake sikuzipenda, lakini mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nayo, kwa hiyo nilijivuna. Mfungo Nne ulipofika, Ngadiran akafungua kifuniko akaikamulia ndimu kikapu kizima: visu, rola, meza, kote. Akaimwagia maji ya maua, kisha akaipumzisha mwezi mzima kwa heshima. Jambia huoshwa likafutwa na kupakwa mafuta siku hiyohiyo. Mashine ina vipembe visivyofikiwa na kitambaa, na hilo hakuliwaza.

Mwezi huohuo mama yangu alifariki, na kaka yangu akaiuza nyumba yake kwa mfanyabiashara wa nyumba za zamani. Mimi fungu langu nilichukua mbao za ukuta wa chumba alichonizalia. Mtiki mtupu, mweusi kwa moshi wa jiko lake. Nilitaka kitanda. Ngadiran alizinyoosha upande mmoja kwa randa ya mkono, kisha akazipima na kuguna. Hazikulingana unene, na zilikuwa nyembamba tayari.

"Zinavumilia kupita kwenye mashine mara moja tu," akasema. "Mara ya pili yatabaki maganda."

Ukiharibika mmoja, hakuna duka linalouza mwingine wa mama yangu.

Akajaribu kwanza kipande cha mahogani. Kilitoka kinene kushoto, chembamba kulia, na mwisho wake umeng'atwa.

Jirani yetu Rokim, mchonga maua ya milango, alikuwa amejilaza kwenye rundo la maranda. "Kaka Ngadiran, hiyo kabari nzuri sana. Sasa tafuta mlango wa kuzuia."

"Nyamaza, Rokim."

"Nimenyamaza. Mashine ndiyo inayosema. Inaomba ndimu nyingine, na sukari kidogo."

Mimi nikazibeba mbao zangu nikazirudisha ndani. "Baba Sumi, hizi utaziranda kwa mkono."

"Kwa mkono hazitalingana mpaka Sumi apate wajukuu."

"Basi nitawasubiri hao wajukuu."

"Wewe ni mkaidi."

"Ulijua tangu ulipoposa."

Akakuna kichwa. "Nipe leo tu. Ikinishinda, naziranda kwa mkono."

Akafungua nati zote. Tukaona kutu ya ile ndimu imejaa kwenye mifuo ya ile ngoma inayobeba visu, kwa hiyo kila kisu kilikuwa kimekaa kichwa juu, miguu chini. Rola za mezani nazo zilikuwa zimeganda, ubao ukifika mwishoni unaruka. Alisugua kwa mafuta ya taa na makumbi ya nazi hadi vidole vikababuka. Akanoa visu, akavirudisha, akaweka kigogo kidogo cha kupimia mezani, mara chini ya ncha ya kushoto ya kisu, mara ya kulia, huku akizungusha ngoma kwa mkono, umeme umezimwa. Kisu kilitakiwa kukipapasa kigogo sawasawa pande zote mbili.

Ila sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kazi za kupasua magogo, na la pili lilichechemea.

"Mama Sumi, sogea. Sikiliza."

"Mimi nisikie nini kwenye vyuma?"

"Unamsikia Rokim akinong'ona nyumba ya tatu, kisu kitakushinda?"

Nikainamisha kichwa. Kushoto kilipita kama mchele unaopepetwa. Kulia kikakwaruza.

"Kulia kimezidi."

Akakigonga kidogo kwa kijiti, akakaza nati, akazungusha tena.

"Tayari," akasema.

"Bado."

"Nimesema tayari."

"Umesema kwa masikio gani?"

Rokim akaporomoka kutoka kwenye maranda yake kwa kicheko. Ngadiran akailegeza nati tena. Tulikwenda hivyo kisu kwa kisu, mpaka wali wangu ukaungua jikoni na sikuinuka. Kila upande ulipotoa sauti ileile ya mchele, akapitisha kile kipande cha mahogani. Kilitoka sawa. Akakipitishia kidole mwishoni, akanipa na mimi nipitishe.

"Leta," akasema.

Nilileta ubao mmoja tu, na nikaenda mwenyewe kusimama upande wa kutokea.

"Upokee, uinue kidogo. Usiuvute."

"Najua kupokea."

Rola zikaumeza polepole. Moshi wa mama yangu ukaondoka kwa maranda membamba, chini yake kukawa na rangi ya asali. Nikauinua kidogo kama alivyosema. Mwisho wake ukatoka mzima, haukung'atwa. Ngadiran aliupima pembe zote, akauegemeza ukutani.

"Haya," nikamwambia, "mbona umesimama? Wengine wako ndani."

Zote zilipita, mara moja moja. Kitanda alikiunga bila msumari. Tulikilalia hadi alipofariki, naye daima alilala akiliacha juu lile sikio linalochechemea, anisikie nikinung'unika. Sumi anasema magodoro ya siku hizi yanataka kitanda kipana zaidi. Anunue chake. Hiki nakilalia mimi.