Siku Niliyompekua Mkwe kwa Mashine ya Madini

Kuna jambo moja ambalo nikilikumbuka, hata nikiwa peke yangu shambani, nafunika uso kwa mikono, nami leo ni babu wa watu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kucheka (najua hamtaweza, lakini naomba tu).

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi kijana wa Magindu nilikuwa nimepata kazi kwa mzungu mmoja aliyepiga kambi vilimani huko Kisarawe, akichunguza udongo mweupe na madini mengine ambayo hakutuambia hata majina yake, nasi tukamwita Bwana Mawe, kwa sababu akiliona jiwe lazima aliokote, aligonge kwa nyundo, kisha alirambe. Alikuwa na mashine mpya kutoka Ulaya, kisanduku cha chuma chenye mpini na waya, na mwisho wa waya kuna fimbo fupi ya kusogeza ardhini. Madini yakiwepo inalia tk-tk-tk bila kupumzika, yasipokuwepo inadonoa mara mojamoja tu kama kuku aliyeshiba. Mbebaji nilikuwa mimi. Sharti lilikuwa moja, tusivae saa karibu nayo. Sababu hakueleza, nami nikajipa yangu, kwamba hataki vibarua tujue saa ya kutoka kazini.

Sasa, siku hizo nilikuwa nimepeleka posa Msimbu kwa Mzee Kondo, namtaka binti yake Chausiku, na si kumtaka kwa mchezo, nilikuwa chakula hakipiti na usingizi hauji. Tukaambiwa tuje Jumapili kuchukua jibu. Jumapili hiyo Bwana Mawe alikwenda Dar es Salaam akaniachia mashine niilinde, na mtu mwenye akili timamu angeifungia hemani akaenda zake kuposa, lakini mimi nikaona wakwe watanijuaje kwamba nafanya kazi ya kitaalamu? Nikaibeba. Nikavaa kanzu nyeupe, na mkono wa kushoto nikavaa saa ya kaka yangu aliyorudi nayo vitani Burma, ile ambayo namba zake zinang'aa gizani. Mjomba Pazi, mshenga wangu, aliponiona na lile sanduku akaniuliza kama tunakwenda kuposa au kujenga reli.

Tukafika, shikamoo, marahaba, tukaketishwa mkekani. Mjomba akaanza maneno yake mazuri aliyoyapanga wiki nzima, lakini Mzee Kondo hamsikii, macho yako kwenye kisanduku. Akauliza ni kitu gani. Nikaeleza. Akasema, basi kiwashe tukisikie, na nyie mnajua, mkwe mtarajiwa hakatai neno la baba mkwe, hasa siku ya jibu. Nikakiwasha, kisanduku mkono wa kulia, fimbo mkono wa kushoto.

Kililia jamani! Kililia pale mkekani, kililia mlangoni, kililia kwenye banda la kuku, kila nilikosogea tk-tk-tk-tk, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini, maana kule vilimani tulikuwa tumezunguka miezi bila kusikia kitu kama kile. Nikatangaza (mdomo wangu huu) kwamba Mzee Kondo amekalia utajiri. Majirani wakajaa uani na majembe yao. Pa kuchimba pakaleta mjadala kidogo, kwa kuwa mashine inalia kote, mzee akaamua kwamba kama yapo kote basi tuanzie kwenye mihogo, asije akabomoa nyumba bure. Mihogo ya mama mkwe ikang'olewa yote, michanga kabisa, na mimi nimesimama ukingoni na fimbo yangu, kila baada ya muda nashuka shimoni kupima, inalia, nasema bado, teremkeni. Kufika adhuhuri wachimbaji walikuwa hawaonekani vichwa.

Tukasimama kuswali. Nikavua saa nitawadhe, na Mzee Kondo aliyekwisha kutawadha akanyoosha mkono akasema lete nikushikie, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Upole wa namna hiyo ulinipa matumaini makubwa, nikaswali nikiwa nimeshaoa.

Baada ya swala nikashuka tena shimoni. Tk. Kimya. Tk. Nikapima pembe zote, hakuna. Jirani mmoja akasema madini yamehama. Nikapanda juu kujaribu ukingoni, na nilipompita Mzee Kondo, mashine ikapiga kelele kama inataka kupasuka. Nikarudi nyuma, ikanyamaza. Nikasogeza fimbo kifuani pake, ikalia. Na badala ya kufikiri, nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Yako kwa mzee."

Yule jirani, jasho bado linamtoka, akamwambia mzee kwamba jiwe limechimbwa na wote, haifai mtu mmoja kulichukua wenzake wakiwa wamesujudu. Natamani ningekufa wakati ule, ingekuwa heshima. Mzee Kondo akavua koti, akatoa vitu mfukoni kimoja kimoja, akaviweka mbele ya fimbo. Kibweta cha ugoro, kimya. Tasbihi, kimya. Saa yangu.

Tk-tk-tk-tk-tk.

Watu wakaitazama saa, kisha wakanitazama mimi, nami hapo ndipo sharti la Bwana Mawe lilinirudia kichwani, neno kwa neno; kumbe rangi ile inayong'arisha namba gizani nayo ina madini yanayoiliza mashine. Mama mkwe, ambaye desturi inamtaka asionekane akicheka mbele yangu, akakaa chini juu ya lundo la mihogo yake akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mjomba Pazi alikuwa amejifunika kofia usoni.

Mzee Kondo akavaa koti lake taratibu. "Nimelipa kodi ya serikali miaka yote," akasema, "wala serikali haijawahi kunipekua. Umenipekua wewe, uliyekuja kuomba mke."

Nikapiga magoti nikalia, sioni haya kusema, nililia. Mjomba akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, na mzee akamtuma shangazi akamuulize Chausiku ndani. Shangazi alirudi akijikaza uso. Chausiku alikuwa amesema ananitaka, kwa kuwa mwanamume anayejiumbua mwenyewe mchana kweupe hatampa mkewe kazi ya kumchunguza.

Mzee akatoa masharti mawili: nipande mihogo upya, na lile shimo, maadamu limekwisha kuwa refu hivyo, nilimalizie liwe choo. Nikalimalizia Jumapili tatu, nikaweka magogo, nikajenga ukuta wa makuti, na tangu siku ile nimeapa kwamba ugenini naingia na mikono mitupu, wala sijavunja kiapo hicho. Tulioana baada ya mavuno, na shughuli ilipopamba moto nikamsikia bibi mmoja mgeni akiuliza haja inakwendwa wapi, na nusu ya Msimbu wakamjibu kwa pamoja, "Pita nyuma huko, kwenye madini ya bwana harusi."