Mwamba Usio na Kitako

Watu husema jiwe ni jiwe tu. Hao hawajalima. Mimi nimelima Kinango nilikoolewa, nimelima Munje nilikozaliwa, na nakwambia jiwe la bara na jiwe la pwani hayajuani hata kwa salamu. Kwa kutolijua hilo nilichimba shimo la bure, nikachekwa na kaka yangu mbele ya watoto wangu. Na wallahi, nashukuru kwamba alinicheka.

Nilirudi Munje mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa. Nchi ilipata uhuru wake, na mimi nikapata talaka yangu, nikashuka kutoka Kinango na mabinti wawili na sanduku la bati. Baba alikuwa keshafariki. Nyumba ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, na jikoni palikuwa pa mkewe, wifi yangu. Wifi hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Lakini chungu kilikuwa chake, na mabinti zangu walijifunza upesi kumtazama usoni kabla ya kunyoosha mkono. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi ningeweza kula kwa macho mpaka nife, lakini mtoto wangu kuombea ruhusa tonge la ugali, hapana.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililitaka tangu siku ya kwanza, pa kulipiga ndipo sikuwa napo. Basi nikadai fungu langu katika shamba la baba.

Sheria yetu inampa mwanamke nusu ya anachopata ndugu yake wa kiume, na kaka hakunipunja hata hatua moja. Alipima kwa kamba mbele ya wazee, akaikaza kamba vizuri kabisa. Ila alipima urefu na upana. Kwenda chini hakupima. Fungu langu liliangukia kule nyuma, kwenye pori ambamo vijana walikuwa wakiwinda paa kwa nyavu, na katikati yake mgongo mweupe wa mwamba wa matumbawe umechomoza kama ng'ombe aliyelala. Ukipiga jembe huku, kwa! Ukienda kupiga kule, kwa! Udongo ulikuwa kama mkeka uliotandikwa juu ya sakafu.

Kaka akasema kama mpaka masika sijapanda kitu, atapanda minazi yeye, na mimi nitaendelea kukaa kwake kama kawaida. Ukisikia hivyo utadhani ni huruma. Lakini kwetu aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, na mnazi huishi kuliko aliyeupanda. Ardhi ikishaota minazi ya mtu, ni kama imeshaolewa, huwezi kuidai tena. Mimi nililijua hilo, na yeye alijua kwamba nalijua.

Sasa, katika miaka yote ile ya ndoa, mume wangu alinifundisha kitu kimoja cha maana: jiwe kubwa halisukumwi, huzikwa. Kule Kinango unachimba shimo ubavuni mwa jiwe, lenye kina kuliko lenyewe, kisha unalichokonoa chini kwa mtaimbo mpaka linajiangukia lenyewe kaburini. Unalifukia, unalima juu yake, na msimu ujao husemi kama liliwahi kuwapo. Nilikuwa nimezika mengi kwa namna hiyo, na nikarudi kwetu nikijiona bingwa.

Basi nikafyeka pori, nikarundika miti na magugu kando. Ubavuni mwa mwamba ndipo pekee palipochimbika, nikaanzia hapo kwa sururu. Nikachimba magoti, nikachimba kiuno, nikachimba mabega, na kitako cha jiwe bado sijakiona. Mwamba ulikuwa unashuka tu, na kila uliposhuka ulizidi kunenepa. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikafunga vitambaa nikaendelea. Nilijiambia kila kitu kina mwisho wake. Mjinga mimi, bahari hiyo pale naiona, na sikujiuliza ule mwamba wa ufukweni unaanzia wapi.

Kaka akaja na baiskeli yake, akaegemea usukani, akachungulia shimoni nilimokuwa. Akaniambia, "Dada, jiwe la pwani halina kitako. Unamchimbia kaburi maiti ambaye mwili wake ni nchi nzima."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha tumboni, watu walikipenda. Binti yangu mkubwa aliangalia chini. Mdogo naye akacheka, kwa kuwa mjomba wake amecheka. Hapo ndipo damu ilipopanda kichwani.

Wahenga walisema hasira hasara. Labda yao. Mimi alipoondoka tu, nilitoka shimoni nikakamata yale magugu, magogo, makumbi ya nazi, vyote, nikavisukumia mle ndani nikatia moto. Usidhani nilikuwa na mpango wowote. Nilitaka kitu kiungue, basi. Ukawaka mchana kutwa, nami nimekaa kando nikiutukana mwamba kwa Kidigo na kwa Kiduruma, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Alasiri ikapita mvua ya vuli, ile ya kupita njia tu, isiyolowesha hata kanga. Ikaangukia jiwe la moto. Nikasikia pa! Nikadhani ni bunduki ya mwindaji. Kisha pa! tena, na mlio wa kitu kinachopasuka ndani kwa ndani. Mvuke ulipotulia nikasogea kuangalia. Ubavu mzima wa mwamba ulikuwa umefunguka kama mkate wa mofa uliomegwa. Nikatia ncha ya mtaimbo kwenye ufa, nikaegemea kidogo tu, na pande kubwa kuliko mimi likashuka lenyewe.

Nilipiga vigelegele peke yangu porini. Mabinti zangu wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka. Nikawaonyesha ule ufa, nikawainua mmoja mmoja wautazame vizuri, na nikalia. Nilikuwa nimefurahi kiasi ambacho sikuwa nimefurahi tangu siku ya harusi yangu, na harusi yenyewe mnajua ilivyoishia.

Peke yangu nisingeweza kuumaliza. Kiangazi kilipoanza nikawaita mashoga zangu niliokua nao, na wao hawakuniuliza nitawapa nini. Niliwapikia mihogo ya nazi, wakala, wakafunga kanga viunoni. Waume zao walikuwa barazani na redio ya betri wakibishana juu ya uhuru na kazi. Tukawaachia uhuru, kazi tukaichukua sisi.

Tuliwasha moto asubuhi juu ya mwamba na mashimoni mwake, tukaulisha kuni mpaka alasiri, kisha tukamwaga maji ya kisima kwa madebe. Hapo ilitaka akili. Jiwe la matumbawe likiungua sana huwa chokaa, na chokaa hiyo ikiguswa na maji huchemka na kuruka, ikikupata jichoni umekwisha. Kwa hiyo ilikuwa ni kusimama upepo unakotoka, kumwaga, na kukimbia. Mmoja wetu, mnene na mwenye haya zake, alimwaga debe akakimbia na buibui limefika magotini mpaka akaupita mpaka wa shamba, na tulipomwita arudi akatuambia jiwe likitulia tumpelekee habari. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mapande yalipopoa tuliyafunga kamba, tukavuta pamoja kwa ile sauti ya harambee. Wakati huo waheshimiwa walikuwa wakiihubiri mikutanoni kama kitu kipya. Sisi tulikuwa tukiivutia mawe.

Mwamba wote haukwisha, sitadanganya. Mwamba wa pwani hauishi. Lakini kufikia mwisho wa kiangazi, pale palipokuwa na mgongo palikuwa na bonde, na bondeni udongo mweusi uliokuwa umejificha nyufani tangu dunia iumbwe, laini, unashikika kama unga. Nikapanda mihogo. Nikapanda minazi yangu kwa mistari, mche baada ya mche, na kila mmoja niliukanyagia udongo kwa mguu wangu mwenyewe.

Mvua ya kwanza ya masika ilipoanguka, kaka akaja kama alivyoahidi, miche ya minazi imefungwa nyuma ya baiskeli. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akaitikia marahaba. Alitembea kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akafika ukingoni mwa bonde, akasimama.

"Umelizika?" akauliza.

"Sikulizika, kaka. Nimelivunja."

Akageuza baiskeli, akarudi na miche yake.

Mawe niliyoyatoa nikayajengea. Kuta za mwamba, chokaa ya mwamba, paa la makuti, chumba kimoja na jiko langu. Mabinti zangu wakawa wanachota chunguni wenyewe, bila kumtazama mtu usoni, na mdogo alizidisha makusudi mpaka akavimbiwa. Sikumkemea.

Kisha binti mkubwa wa kaka akaposwa, na nyumba yao ikahitaji kupakwa chokaa kabla ya harusi. Munje nzima ilijua nani ana lundo la chokaa.

Nilikuwa napika uji asubuhi niliposikia hodi mlangoni. Sauti niliijua. Mwiko ukanisimama mkononi. Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, nimeachwa, na maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipigia hodi mimi. Hodi za nyumbani zilikuwa za baba, za Kinango zilikuwa za mume, na za kule nilikotoka juzi zilikuwa zake yeye. Mabinti zangu wakanitazama, mbona mama haitikii. Nikaweka kidole mdomoni. Dini inampa mgeni hodi tatu, na mimi nilizitaka zote.

Akapiga ya pili. Nikakoroga uji.

Akapiga ya tatu, taratibu, kama mtu anayejua kwamba asipojibiwa itambidi arudi alikotoka.

"Karibu, kaka," nikasema.

Akavua viatu, akainama, akaingia, na nikamwonyesha pa kukaa.