Sufuria ya Chai ya Hajira

Mwanakheri ni mtu wa kujipa kazi. Mwache chumbani kwako kidogo tu, ukirudi utakuta nguo zimekunjwa na viatu vimepangwa, na wala hukumtuma. Chuo kimoja cha Kibaha kilimwajiri awasaidie wanafunzi wenye ulemavu wajifunze kujitegemea, na ni yeye anayemwonya kila msaidizi mpya: chumbani kwa asiyeona, usihamishe hata kijiko bila kumwambia mwenyewe.

Hajira, mmoja wa wanafunzi hao, haoni tangu utotoni. Anapika, anafua, na alikwisha kupata chumba cha kupanga mtaa wa Mkuza. Kilichobaki ni ruhusa ya baba yake, Mzee Mwishehe, mkulima wa Marui, aliyekuja siku ile kuhakikisha kama kweli binti anajiweza.

Hajira alibandika chai, akatoka kumpokea baba getini. Mwanakheri alikuwa anafagia. Chai ikataka kufurika. Akaiepua, akaitua mezani, pale vinapokaa vikombe, akaenda kumwaga taka. Hakufikiri kitu.

Aliporudi, Hajira alikuwa ameshaunguza kiganja mbele ya baba yake, akipapasa vikombe, na chai imetapakaa sakafuni.

"Niliiacha jikoni," Hajira alisema, meno ameyauma. "Nani kaigusa?"

Mwanakheri akachota maji, akauingiza mkono wa binti ndani ya beseni. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Aibu ikamziba, mtu mzima, mwalimu wa wenzake, akabaki kusema pole, pole.

"Umesahau tu, mwanangu," alisema mzee kwa upole. "Basi. Habari ya Mkuza tuiache. Utakaa kwa shangazi yako, kule mtaa wa Kwa Mathias, utapikiwa."

Hapo ndipo Mwanakheri alipopiga magoti. "Baba, nisamehe. Sufuria niliihamisha mimi."

Mzee Mwishehe alimtazama kwa huruma. "Ahsante, mama. Una roho nzuri, unamkingia kifua mwenzio."

"Wallahi ni mimi, baba."

"Usiape bure. Mungu atakulipa."

Kila alivyozidi kuapa, ndivyo mzee alivyozidi kumshukuru. Mwanakheri alitamani atukanwe, afukuzwe, lolote lile kuliko shukrani zile. Mzee akatoka nje kumpigia simu shangazi.

Hajira alikuwa bado ameinama kwenye beseni.

"Mimi nakuamini, dada," alisema. "Lakini mimi nilikuuliza mapema."