Mbuzi Walikuwepo

Simu ilipoita nilikuwa bandani, nimemshika mbuzi mguu huku wanafunzi wangu wakijifunza kumpunguza kwato. Aliyepiga alikuwa binti wa dada yangu. Alisoma kwenye chuo kikuu hikihiki ninapofundisha mifugo, nje kidogo ya mji wa Singida, na siku hiyo alikuwa Dodoma kwenye usaili wa kazi. Hakusalimia. Kwetu mtoto haanzi maneno na mkubwa bila shikamoo, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Mama mdogo, wamenicheka."

Akanieleza huku sauti inakatika. Mmoja wa waliokuwa wanamsaili alitazama cheti chake, akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu naye ni wa kile chuo cha mbuzi." Wakacheka meza nzima. Wakamuuliza kama darasani alikuwa anakalia kiti au jiwe. Baada ya hapo hawakumuuliza chochote cha maana.

Nilijua maneno yale yametoka wapi. Siku chache nyuma alikuja mwandishi wa habari za mtandaoni. Tulimkaribisha chai akakataa, ana haraka. Maabara hakuingia. Hakumuuliza mwanafunzi hata mmoja anasoma nini. Alisimama mbele ya stoo ya zamani ambayo madirisha yake hayana vioo, na mbuzi wetu walipokuwa wanatoka kuogeshwa kurudi bandani, akawapiga picha. Kesho yake tukaisoma kwenye simu zetu: "Chuo Kikuu au Zizi?" Chini yake aliandika kwamba wanafunzi wa Singida wanagombania madarasa na mifugo.

Nilitafuta namba yake nikampigia.

"Dada, tuelewane," alisema. "Mbuzi walikuwepo au hawakuwepo?"

"Walikuwepo."

"Sasa mimi nimekosea wapi?"

"Hao ni mbuzi wa kufundishia! Ungekuta chuo cha mifugo hakina mbuzi, hapo ndipo ungekuwa na habari. Wewe umekwenda hospitali, umeona damu, umeandika kwamba hapa ni machinjioni."

"Watu hawasomi maelezo marefu, dada." Akakata simu.

Hasira zilinipanda hadi wanafunzi wakaniomba nikae. Uongo mtupu ningeuweza, ungepingwa, ungekwisha. Huyu alichukua kitu cha kweli akakivisha maana ya uongo, kisha akanitaka mimi niwe shahidi wake.

Uongozi ukaitisha kikao. Nilikwenda na moyo mwepesi, nikidhani tutajibu kwa kueleza chuo kilivyo. Afisa uhusiano akatugawia kipeperushi kipya. Ukurasa wa mbele kulikuwa na maktaba ya vioo, kompyuta zimepangwa safu kwa safu, na nje nyasi za kijani ambazo Singida hii hazioti hata mvua ikubali vipi. Chini yake: chuo kinachoongoza. Mbuzi hata mmoja hakuwamo. Idara yangu nzima ilikuwa imefutwa.

"Hapa ni wapi?" niliuliza.

"Hiyo ni picha ya mfano tu, mwalimu."

"Mfano wa nini?"

Mkuu wa kikao akaingilia. "Mwalimu, tunajenga taswira. Wewe uko upande gani?"

Swali hilo liliniuma kuliko kichwa cha habari cha yule mwandishi. "Niko upande wa watoto wanaobeba cheti chetu," nilisema. "Yule amewasingizia ubaya, sisi tunawasingizia uzuri. Andikeni kilichopo. Maktaba ni ndogo, anayechelewa hapati kiti. Kiangazi maji tunaletewa kwa gari. Darubini wanatumia kwa zamu. Lakini hakuna anayemaliza idara yangu kabla hajazalisha mnyama, hajachanja, hajashona kidonda kwa mikono yake. Hilo nalo si la kuandika?"

Watu walicheka. "Hiyo ni taarifa ya ukaguzi," alisema afisa uhusiano, "siyo tangazo." Wakapitisha kipeperushi chao.

Wakati wa kupokea wanafunzi wapya, nilimkuta baba mmoja amesimama na binti yake karibu na jengo la utawala, kile kipeperushi mkononi. Ni mkulima wa alizeti kutoka Mtinko, ambako ndiko kwetu. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mwalimu, tumezunguka sana. Maktaba hii iko upande gani?"

Ningeweza kumwambia inajengwa. Wengine walikuwa wanawaambia hivyo. "Baba, hiyo haipo," nilisema. "Tuna maktaba, lakini siyo hiyo. Na binti akitaka kusoma mifugo, twendeni niwaonyeshe tulichonacho."

Binti alikwishapiga hatua kunifuata. Baba yake akamshika mkono.

"Ile habari ya zizi niliisoma," alisema. "Nikasema wanawaonea hawa. Nikaja. Sasa ninyi wenyewe mmeniletea jengo ambalo halipo. Hicho unachotaka kunionyesha nitakiaminije?"

Alikunja karatasi, akachukua begi la binti, wakaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya afisa uhusiano na kusema niliyoyasema, mlango ukiwa wazi. Matokeo yake nikaitwa na kuonywa nisizungumze tena na wazazi bila kibali. Yule mwandishi naye, baada ya kusumbuliwa sana na wahitimu wetu, aliongeza mstari mmoja mwishoni mwa habari yake kwamba mbuzi wale walikuwa wanapita. Kichwa cha habari hakukigusa. Binti wa dada yangu hakuitwa Dodoma tena; sasa anatibu ng'ombe na mbuzi wa watu huko Mwankoko na vijiji vya jirani, na wafugaji wanaompigia simu wanamuuliza tu atafika saa ngapi.

Nilipokwenda nyumbani Mtinko niliulizia habari za yule binti wa mkulima wa alizeti. Nikaambiwa yuko mkoa mwingine, chuo kingine, anasomea uhasibu kwa sababu huko nafasi za mifugo zilikuwa zimejaa. Mama yake aliniambia tangu mdogo alikuwa anasema atakuwa daktari wa wanyama.