Sumni, Thumni na Jino la Mbele

Mdomo wangu haukuwahi kuwa na nidhamu. Jino la chonge la kushoto lilimpanda mwenzake tangu nikiwa mtoto, na meno ya chini yalisukumana kama watu waliokuta bomba la maji limefunguliwa. Kwa hiyo nilizoea kucheka mkono ukiwa mdomoni. Watu wa Temeke walidhani ni adabu ya kwetu bara, nami sikuwasahihisha.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, enzi bado ya Mwingereza, umri umekwenda na mke sina. Kila asubuhi kabla ya kengele nilitumwa na walimu wenzangu vitumbua. Aliyeviuza alikuwa mjane, mzaliwa wa pwani, mwenye maneno matamu na makali kwa pamoja. Nilimpenda, niseme tu. Tatizo ni kwamba kila nilipofungua mdomo alinicheka.

"Nipe vya sumni, bibie."

"Vya nini?"

"Vya sumni."

"Sumni mie siijui. Pana thumni. Mwalimu mzima! Haya, toa ulimi nje kidogo: thu-mni."

Sisi wa bara ile senti hamsini tuliiita sumni, na thelathini na themanini tulisema selasini, semanini, na watu wa pwani walipata kicheko cha bure kutoka kwetu. Kujifunza si kazi ngumu, ila ulimi hautoki nje mpaka mdomo ufunguke, na mdomo ukifunguka meno yanaonekana. Basi nikawa nachukua vitumbua vyangu na kuondoka na sumni yangu. Nilijiambia kwamba mwanamume asiyethubutu kumchekea mwanamke meno nje hana haki ya kumposa.

Mambo yakaharibika zaidi kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu, Kinondoni. Kifungua chupa kilipotea, nami, kwa kutaka sifa, nikasema leteni hiyo soda. Nikaing'ata. Kizibo kilitoka, na nusu ya jino langu la mbele ikatoka nacho. Watu walipiga makofi, hawakujua kwamba nilikuwa natafuta jino kwenye mchanga.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa vitumbua nimejiziba mdomo kuliko siku zote.

"Nipe vya thumni," nikasema.

Yule mama akaacha kugeuza vitumbua. "Umesemaje?"

"Vya thumni."

"Alhamdulillahi! Kumbe ulikuwa unajifunza kimyakimya! Nani kakufundisha?"

Sikuwa nimejifunza kitu. Hewa ilikuwa inapita penye ufa, basi. Lakini alivyoniangalia siku hiyo, kwa furaha kabisa, kana kwamba nimemletea zawadi, sikuwa na moyo wa kukanusha. Nikasema, "Athante."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hapo umezidisha, mwalimu! Asante haina th. Nyie watu wa bara mkipewa kitu mnakipaka kila mahali!"

Ikawa ndiyo hali yangu. Barazani kwake nilikuwa mwanafunzi hodari aliyezidisha bidii, na darasani nilikuwa balaa. Watoto wa darasa la kwanza humfuata mwalimu kama vifaranga. Mwalimu mkuu alipita dirishani akawasikia arobaini kwa sauti moja: "Tano, thita, thaba, nane, titha!" Akaniita nje, akaniambia nikatafute jino kabla wazazi hawajaja kumuuliza yeye.

Wa kwanza niliyemwomba ushauri alikuwa jirani yangu, mzee wa kusini, mchonga vinyago. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika kidevu na kunigeuzia kwenye mwanga kama anavyogeuza gogo la mpingo. Yeye mwenyewe alichongwa meno ujanani, yamechongoka vizuri, sawasawa yote. Alinihurumia kwa dhati.

"Kwenu waliwaacha hivihivi, hawakuwamalizia?" aliuliza. Akaingia ndani kutafuta tupa. Nikaaga haraka.

Hospitali, msaidizi wa daktari alikuwa mkarimu, ila dawa yake ilikuwa moja, koleo. Alitaka kung'oa lililovunjika, na lile la chonge pia, "maana umeshafika." Nikamwambia nitafikiri. Nikapanda baiskeli mpaka Uhindini, kwa daktari wa meno aliyekaa ghorofani juu ya duka la vitambaa.

Keekee yake ya kutobolea meno aliiendesha kwa mguu kama fundi cherehani. Aliponitazama alitikisa kichwa kwa muda.

"Hii ya pembeni," alisema, akigonga chonge langu, "kama ningepata wewe iko mtoto, ningefunga waya, polepole inanyooka. Sasa mfupa imeshakuwa ngumu. Lakini jino zima. Nguvu sana. Imekosa adabu tu."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini mtu wa selasini amcheke nani? Tena neno lake lilinituliza. Miaka yote niliamini mdomo wangu ni mgonjwa, kumbe umekosa adabu tu.

Lile la mbele lilikuwa habari nyingine. Nilitaka kofia ya dhahabu, nionekane kama nahodha. Akasema mzizi umekufa, dhahabu haitashika. Aling'oa, akaniambia nisubiri ufizi upone, kisha akanichukulia kipimo kwa plasta iliyonikaba mpaka machozi yakanitoka. Alinipa kibao chembamba cha rangi ya waridi cha kukaa juu kwenye kaakaa, na mbele yake jino moja jeupe limesimama. Njia nzima ya kurudi Temeke nilikanyaga baiskeli nikiimba: sita, saba, sukari, asante! Wapita njia walinipisha.

Asubuhi nilifika barazani bila mkono mdomoni. Nilimchekea yule mama kwa meno yote, lenye adabu na lisilo na adabu.

"Nipe vya sumni, bibie!"

Uso wake ukasawijika. Alifunika sufuria ya unga taratibu.

"Kumbe unaweza ukitaka, na usipotaka huwezi," alisema. "Wiki zote hizo nafurahi peke yangu, nawaambia mpaka majirani, mwalimu anajifunza kwa ajili yangu. Ulikuwa unanifanyia mzaha?"

Niliumia kuliko siku ya kung'olewa jino. Nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Nikaingiza kidole mdomoni, nikakivuta kile kibao, nikakishika kiganjani mbele yake, nikafungua mdomo wazi na pengo langu.

"Thumni," nikasema. "Nithamehe."

Alitazama jino. Akatazama pengo. Halafu akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alipopata pumzi alisema, "Na hilo la pembeni je, ndilo ulilokuwa unanificha mwaka mzima? Mbona zuri!"

Wiki ile ile nilimtuma mshenga.

Mshenga alirudi ameshangaa. Mama amekubali, na mahari ameitaja mwenyewe kama ilivyo haki yake: shilingi thelathini, isizidi, isipungue. Nilimwambia niko tayari kutoa hamsini. Mshenga akasema bibie amekataa hamsini, amekataa arobaini, ametaka thelathini kamili. Wazee walisema ni mwanamke asiye na tamaa. Mimi nilijua anataka nini. Bwana harusi huitaja mahari kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya shehe na watu wote, na katika neno hilo moja zimo th mbili.

Nilijifunza kwa wiki kadhaa na niliweza, ila kila ulimi ulipotoka kibao kilitoka nao. Ilikuwa ama jino, ama neno.

Siku yenyewe tuliketi mkekani, wanawake wakiwa chumbani nyuma ya pazia. Shehe aliponishika mkono na kunisomea maneno ya kukubali, niliomba dakika. Nikatoa jino langu mbele ya ukumbi mzima, nikalitia kwenye mfuko wa kanzu.

"Nimekubali kumuoa," nikasema, mdomo wazi, "kwa mahari ya shilingi thelathini."

Nyuma ya pazia kicheko kimoja kikapasuka, ninachokijua, kabla hata ya vigelegele. Watu wakaja kunipa mkono, hongera, hongera bwana. Nikawajibu athante, kila mmoja wao athante, na mkono wangu haukwenda mdomoni.