Kubadilisha Nyanya kwa Ajili ya Kompyuta

Siku moja nilifungua kompyuta yangu nyumbani Garissa nikakuta nimejibu barua pepe ambayo sikuijibu. Binamu yangu wa Elwak alikuwa amenialika harusini kwake, nami kwa uvivu nikakaa kimya. Sasa jibu lilikuwa limeshatumwa kwa jina langu: nitafika inshallah, na nitaleta mazulia mawili.

Nilimpigia simu nimwonye kwamba kuna mwizi ameingia kwenye barua pepe yangu.

"Ni mimi," akasema bila haya. "Ulichelewa kujibu, abaayo, dada yangu, nikakusaidia."

"Neno langu la siri ulilipata wapi?"

"Sikulipata. Nilisema nimelisahau. Mashine ikaniuliza nyanya yako mzaa mama anaitwa nani. Sasa, nyanya yako si ndiye nyanya yangu?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kesho yake niliipeleka kompyuta kwa mwenzangu anayefundisha masomo ya kompyuta, mtu wa bara aliyehamishiwa huku. Alicheka hadi akavua miwani.

"Badilisha neno la siri," akasema. "Na hilo swali, lijibu uongo. Huku kwenu kila mtu anamjua nyanya wa kila mtu. Kwa hiyo badilisha nyanya."

Kosa langu ni kwamba nilimsimulia mama. Alikuwa akipika anjera, akaiacha ikaungua.

"Unamkana mama yangu kwa sababu ya mashine?"

Asubuhi tuliongozana hadi shuleni. Alimkuta yule mwalimu wa kompyuta langoni, akamkabili kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, wewe nafundisha mtoto yangu kutupa nyanya?"

"Si kumtupa, mama. Ni kumficha tu."

"Kumficha kwa nini? Yeye nafanya makosa gani?"

Mwalimu akaapa kwamba nyanya atabaki nyanya, na kwamba atakayedanganywa ni kompyuta peke yake. Mama alikubali kwa sharti moja: kama lazima awepo nyanya wa uongo, basi awe mtu wa heshima.

Alasiri hiyo aliwaita mjomba na dada zake wawili, chai ikamiminwa, kikao kikaanza. Mwanamke mmoja wa Hulugho alikataliwa kwa kuwa alijulikana kwa uchoyo. Mwingine alikataliwa kwa ajili ya wanawe, ambao mjomba alisema hawawezi kutunza siri. Mwisho wakamkubali bibi mmoja wa Bute, aliyewahi kumhifadhi mama wakati wa ukame. Mjomba akaomba dua. Kisha wote wanne wakainama juu ya mabega yangu kuhakikisha nimeliandika jina sawasawa, mjomba akinitajia herufi moja moja kwa sauti iliyofika kwa jirani.

Nilipomweleza mwalimu jinsi nilivyoficha siri yangu, alishika kichwa. Aliliondoa swali lenyewe kabisa, akapanga kompyuta initumie tarakimu kwenye simu kila ninapotaka kuingia. Kisha akatoka nje na kufunga mlango ili nichague neno jipya la siri bila hata yeye kuliona. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia. Binamu alijaribu, akanipigia kulalamika kwamba nimemfungia mlango kama mgeni.

Sikumweleza mama kwamba jina lililochaguliwa na kikao kile halitumiki tena. Ningeanzia wapi?

Wiki chache baadaye msafiri mmoja alibisha hodi, mkononi ana kopo la samli.

"Nyanya yako wa Bute anakusalimu," akasema. "Habari za kikao chenu zimemfikia. Anauliza, mbona hujawahi kumtembelea?"

Nilimtazama mama. Mama akalifungua kopo, akanusa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Shule zilipofungwa nilipanda gari hadi Bute. Bibi alinipokea kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, akasema nimekonda, na akawaita majirani waje wamwone mjukuu wake.